Nyuzi Kumi na Tatu

Hoteli aliyofanyia kazi shemeji yangu kwa miaka ishirini na tisa ilifungwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mara tu baada ya chai ya wafanyakazi. Waliitwa wote kwenye ukumbi wa chakula, wakaambiwa na mwanasheria mmoja aliyevaa tai fupi kwamba mwenye hoteli amefilisika, benki hakuna kitu, na kila mtu atalipwa kiinua mgongo chake kwa mali iliyobaki. Waliokuwa karibu na mlango walitoka mbio. Wapishi walibeba majiko na masufuria. Madobi walibeba mashuka. Mtunza bustani aliondoka anasukuma mashine ya kukatia nyasi, na kinyozi, ambaye hakuwa hata ameajiriwa pale, alijipatia kioo kirefu kuliko yeye mwenyewe.

Shemeji hakukimbia. Yeye alikuwa mtunza mvinyo. Alishuka ngazi hadi ghala la chini, kule alikoshinda nusu ya umri wake, akafungua kwa ufunguo aliokuwa nao mfukoni, akahesabu. Kreti ishirini na sita, kila moja chupa kumi na mbili. Akapanda juu akamwambia mwanasheria, "Mimi nachukua hizo." Mwanasheria akaandika bila kuinua macho.

Mimi nilikuwepo pikapu ilipofika nyumbani kwake. Mke wake ni dada yangu, wa kwanza kuzaliwa kwetu, nami ni mwashi. Nisifiche: siku hiyo nilikuwa nimekwenda kwa dada kula. Kazi zilikuwa zimekauka miezi mitano, na nilishachoka kumwambia mke wangu kwamba kuna mtu ameahidi kunipigia simu.

Dada alikuwa kibarazani kwenye cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Aliinua kichwa, akaona kreti zinashushwa moja moja, shemeji anawafokea wapagazi, "Taratibu! Taratibu, msizitikise!" Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Baba watoto, hicho ni nini?"

"Kiinua mgongo."

"Nakuuliza pesa."

"Ndiyo hiyo. Imo ndani ya chupa."

Dada alizitazama zile kreti zikipangwa sebuleni mpaka zikaziba kabati la vyombo. "Hiki si kiinua mgongo," akasema. "Hiki ni kivunja mgongo." Wapagazi wakacheka. Shemeji hakucheka.

Mtaani walimwita Bwana Chupa, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumwona amelewa. Mvinyo aliufahamu kwa kuuonja na kuutema. Huko hotelini walimfundisha hivyo akiwa kijana: unatia kinywani, unauzungusha kama mtu anayesukutua, unatema kwenye ndoo, kisha unasema ulichokikuta. Wageni waliopanda ndege kuja kulala pale walikuwa wakimwita mezani na kumuuliza, naye aliwajibu polepole, mikono nyuma. Kwa mtu aliyeishia darasa la saba, hilo lilikuwa jambo kubwa. Dada mwenyewe alikuwa akijivunia, zamani.

Jioni ile, kabla jua halijazama, shemeji alitukalisha akatueleza. Mvinyo si soda, alisema. Kuna wa kunywa leo na kuna wa kuweka, na huu ulikuwa wa kuweka. Ukiuhifadhi vizuri unazidi kuwa mtamu, na bei inapanda nao. Wapo watu wenye mahoteli na wenye majumba wanaoutafuta kwa tochi. Lakini unataka giza. Unataka utulivu. Chupa ilazwe ubavu ili kizibo kisikauke kikaingiza hewa. Na zaidi ya yote unataka baridi, nyuzi kumi na tatu, isipande wala isishuke.

"Na humu ndani ni nyuzi ngapi?" nikamuuliza.

Akatazama juu kwenye bati. "Mchana? Thelathini na mbili. Thelathini na nne."

"Basi zirudishe," dada akasema.

"Kwa nani?"

Ndipo akanigeukia. "Shemeji, unaweza kunichimbia ghala?"

Ningesema nini? Nilikuwa nimekula ugali wake mchana na nilikuwa na njaa ya kesho yake.

Siku tatu tulizotumia kupanga ndizo siku nilizomwona shemeji akiwa na furaha kuliko zote. Tulikaa mezani, mimi na kalamu ya risasi, yeye na kalamu ya wino, karatasi zimetandazwa katikati. Nilipima ua wa nyuma kwa kamba: mita tatu kwa mbili na nusu, kina mita mbili na robo. Nikaandika. Kuchimba. Simenti mifuko arobaini. Nondo. Kokoto lori nusu. Nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Tofali. Ngazi ya zege. Mlango wa mbao ngumu, unene wa vidole viwili. Rafu. Kipimajoto.

"Kipimajoto kiwe kizuri," akasema. "Kwenye kipimajoto tusibane."

"Kiwe kizuri," nikaandika.

"Na rafu ziwe na mashimo ya kulaza chupa moja moja. Nitakuchorea." Akachora. Alichora shimo la chupa kwa uangalifu wa mtu anayechora uso wa mama yake. Chai ilipoa mbele yake mara mbili, dada akaipasha, ikapoa tena.

Mwisho wa karatasi niliongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya dharura, kama mwashi yeyote anavyofanya. Alipoifikia, akaikata kwa wino.

"Dharura gani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Mwaka mmoja kabla, nilichimba shimo la choo nyumba ya nne kutoka pale, na nilikuta maji mita moja na nusu chini. Maji mengi, masafi, yanapanda huku unayaangalia. Nilijua kabisa ardhi ya mtaa ule ilivyo. Lakini nilijua pia kwamba nikisema, kazi hakuna, na malipo ya kuchimba yalikuwa ya wiki mbili. Nikajiambia kwamba nyumba nne ni mbali. Nikajiambia labda ua wake umeinuka kidogo. Nikasema, "Aa, ni mazoea tu."

Jumla ilipotoka tukaitazama wote wawili. Yeye hakuwa na hata robo yake. Aliyekuwa na kitu ni dada.

Dada alikuwa anaweka akiba kwenye kikundi cha akina mama kwa miaka minne ili anunue cherehani mbili za umeme. Shule moja kubwa mtaa wa pili ilikuwa inatafuta mshonaji wa sare, na mwalimu mkuu alishamwambia wazi: kazi yako nzuri, mama, lakini kwa cherehani hiyo ya miguu huwezi kunishonea sare mia sita. Leta mashine za umeme kabla ya muhula mpya, kazi ni yako. Ilikuwa imebaki miezi mitano.

"Miezi mitatu," shemeji akamwambia. "Nipe miezi mitatu tu. Nikishaziweka mahali pake, namwandikia mfanyabiashara mmoja wa mvinyo, alikuwa akija hotelini kila mwaka, ananijua. Akichukua kreti mbili tu, mama watoto, unanunua cherehani nne."

"Na asipochukua?"

"Atachukua."

"Nimekuuliza asipochukua."

Shemeji alimtazama. Alikuwa mtu mpole, na katika ndoa ya miaka thelathini sikuwahi kumsikia akimwomba dada kitu zaidi ya maji ya kunywa. "Miaka ishirini na tisa," akasema. "Sina kingine cha kukuonyesha."

Kesho yake dada alikwenda kwenye kikundi akatoa nusu ya pesa zake. Alinikabidhi mimi, si mumewe, akiwa amezifunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare. "Uwe mwangalifu na hizi," akaniambia. Nikasema ndiyo, dada.

Nilianza kuchimba Jumatatu. Udongo wa juu ulikuwa laini, nikaenda haraka. Jumanne nilifika mita moja. Shemeji alikuwa ameketi ukingoni kwenye kiti, akinipokea ndoo, akiniuliza kama huko chini kumeanza kuwa na baridi. Kulikuwa na baridi kweli. Nikamwambia weka mkono hapa, akashuka, akaweka kiganja ukutani, akafumba macho. "Unaona?" akasema. "Unaona?"

Jumatano saa tano asubuhi sululu ilizama na kutoka na sauti ya kunyonya. Niliposikia ile sauti nilijua. Nikaendelea kuchimba dakika kumi zaidi kama mjinga, nikachota tope badala ya udongo, mpaka viatu vyangu vikafunikwa. Shemeji aliona kutoka juu.

"Ni mvua ya juzi?" akauliza.

"Hakuna mvua iliyonyesha juzi, shemeji."

Tulikodi pampu siku mbili. Pampu ikitoa, ardhi inarudisha. Tulipoizima jioni, asubuhi tulikuta maji yametulia shimoni, safi, mbingu inaonekana ndani yake. Jirani mmoja akapita akauliza kama tunafuga samaki. Dada alitoka, akasimama ukingoni mikono kiunoni, akatazama maji, akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyoyatazama maji. Kisha akarudi kwenye cherehani.

Nililipwa siku zangu zote. Nilifukia shimo lile kwa udongo uleule, na kwa kufukia pia nililipwa.

Mtu mwingine angekoma hapo. Shemeji alichukua karatasi mpya.

Mpango wa pili ulikuwa wa ndani. Chumba chao cha kulala kilikuwa kikubwa, basi tukikate katikati. Upande mmoja kitanda, upande mwingine ghala. Kuta mbili mbili za tofali, katikati tujaze maranda ya mbao tuliyopewa bure na seremala, yazuie joto. Dari ya chini chini, nayo ijazwe maranda. Dirisha lizibwe. Na kwa kuwa ardhi haitatupa baridi ya bure, tununue kiyoyozi. Si kipya. Kilichotumika. Bei yake peke yake ilikuwa kubwa kuliko shimo zima.

"Hesabu ya umeme umeiweka wapi?" nikamuuliza.

"Kitawaka saa chache tu kwa siku. Kuta zikishashika baridi zinaibana."

"Shemeji, umeme huku unakatika."

"Ndiyo maana kuta ni mbili."

Kila swali alikuwa na jibu lake. Nimewahi kufanya kazi na matajiri, wahandisi na mapadri, na sijamwona mtu aliyejiandaa hivyo kwa maswali. Siku zile nilidhani ni ujuzi.

Dada alitoa nusu iliyobaki. Sikuwepo alipoombwa, sijui aliambiwa nini. Ninachojua ni kwamba siku ile hakushona. Alikuwa ameketi kibarazani, nguo ya mteja mapajani, sindano mkononi, na watu walimsalimia wakapita bila yeye kuitikia.

Nilijenga kwa majuma matatu. Kama kuna kitu kimoja ninachoweza kujisifia katika habari hii yote ni kuta zile. Zilinyooka. Nilizipiga plasta mara mbili, nikaziba kila upenyo, mlango ukafunga na kutoa sauti nzito kama ya sanduku la benki. Fundi umeme akafunga kiyoyozi, akakuna kichwa, akasema kitakula umeme kama ng'ombe wa maziwa alavyo majani. Tukapanga chupa. Shemeji alizilaza mwenyewe, moja moja, kila moja akiifuta kwa kitambaa kikavu na kuisoma kwanza. Alikataza mtu mwingine kuzishika. Nilidhani ni mapenzi tu. Baadaye nilikumbuka kwamba nyingine alikuwa akizifuta shingoni mara mbili tatu, pale chini ya kizibo.

Kipimajoto kilikuwa kizuri kweli, cha shaba, kimetundikwa katikati ya ukuta. Siku ya kwanza kilisoma ishirini na nne. Ya pili, ishirini. Ya nne, kumi na sita. Siku ya sita, mchana wa jua kali, alikuja mpaka kwangu kwa miguu kuniita. Nikaenda. Alinivalisha koti lake, akavaa sweta, tukaingia, akafunga mlango, akawasha taa ndogo. Kumi na tatu. Mshale umetulia. Pumzi zetu zilikuwa nzito kwenye baridi ile, na nje ya ukuta tulisikia kwa mbali cherehani ya dada ikienda.

"Nisikilize, shemeji," akasema. "Wewe ni fundi." Akanishika bega. Machozi yalimlengalenga, nami yangu yakanijia, sijui kwa nini. Tulikaa mle kama robo saa, watu wazima wawili kwenye kabati la baridi, tukitazama mshale.

Mambo yakaendelea kama unavyoweza kukisia. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Shemeji alikuwa akikimbilia mlango na kuuegemea, kana kwamba joto lingeogopa kupita mwilini mwake. Bili ilipofika dada aliiweka chini ya chupa ya mafuta ya taa jikoni, na iliyofuata akaiweka juu yake. Mwalimu mkuu alimtumia mtu mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Mara ya tatu hakutuma mtu. Mama mmoja wa mtaa wa juu, mwenye mashine tatu za umeme, alichukua kazi ya sare mia sita.

Dada aliniambia habari hizo akiwa anakata uzi kwa meno. "Mpe hongera akikutana nawe," akasema. "Ni mtu mzuri."

Yule mfanyabiashara wa mvinyo alijibu barua mwezi wa nne tangu kreti zifike. Alikuja saa nane mchana, kwa gari jeupe, mzee mwenye viatu visivyo na vumbi na adabu nyingi. Alimkumbatia shemeji. Alimwita "mwalimu wangu", kwa maana zamani hotelini shemeji ndiye aliyemwonyesha tofauti ya mvinyo huu na ule. Shemeji alikuwa amevaa sare yake ya kazi, shati jeupe na kizibao cheusi, dada ameipiga pasi mpaka inang'aa. Dada alisimama mlangoni na sinia lenye glasi tatu, za kuazima. Nami nilikuwepo kwa sababu nilitaka mtu wa maana aone kuta zangu.

Aliziona. Alizigonga kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Alitazama kipimajoto. "Kumi na nne," akasema. "Si mbaya hata kidogo. Si mbaya." Kisha akachagua chupa tatu kutoka rafu tatu tofauti, akaziweka kwenye meza ndogo ya sebuleni, penye mwanga.

Alipovua karatasi ya shingo ya chupa ya kwanza, alitulia. Kizibo kilikuwa kimejiinua, kimetokeza kama ulimi. Pembeni palikuwa na utando mweusi wa kunata. Alikivuta bila kutumia nguvu. Akamimina kidogo. Mimi sijui mvinyo, lakini najua rangi, na ule ulikuwa na rangi ya maji ya kutu. Harufu ilinifikia nilipokuwa nimesimama. Siki, na kitu kingine kama maboksi yaliyolowa.

Akafungua ya pili. Akafungua ya tatu. Hiyo ya tatu aliitia kinywani kabisa, nadhani kwa heshima tu, akatafuta pa kutema, dada akamsogezea bakuli.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Umeungua huu, kwa joto."

"Umeme," nikaingilia. "Umeme unatusumbua huku, mzee, lakini kuta..."

"Hapana." Aliinua mkono, si kwa ubaya. "Hii si ya miezi minne. Utando huu ni wa miaka." Akamgeukia shemeji. "Kule hotelini, mashine ya baridi ya ghala walizima lini?"

Shemeji alikuwa amesimama mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama mezani kwa wageni.

"Mwalimu?"

"Miaka mitatu," shemeji akasema.

Glasi zililia kwenye sinia. Dada hakuliangusha. Alilishusha juu ya meza kwa mikono miwili, akapanga glasi vizuri, kisha akasimama wima.

Mfanyabiashara aliondoka kwa upole uleule aliokuja nao. Alitaka kuacha pesa kidogo kwenye meza, dada akamwambia asante, chukua, barabara ni mbaya utahitaji mafuta. Gari lilipoondoka tulibaki watatu sebuleni na zile chupa tatu wazi. Nilitaka kuondoka lakini mlango ulikuwa upande wao.

"Ulijua," dada akasema.

"Nilijua joto lilikuwa limeingia. Sikujua ni zote."

"Ulikuwa unazifuta shingo."

Shemeji akasema, "Niliposhuka kule chini, zilikuwa zimebaki hizo na viti vya plastiki. Vingine vyote walishabeba. Nilisimama pale nikaona siwezi. Siwezi kuja hapa mikono mitupu, baada ya miaka yote ile. Nikasema labda za katikati zimepona. Labda tukiziweka kwenye baridi haraka." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa na maelezo mengi, na kila elezo lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. "Na tulipoanza kupanga, nikawa nasahau. Tukiwa mezani na karatasi nilikuwa nasahau kabisa, mama watoto. Nakuapia."

"Mikono mitupu ningeipokea," dada akasema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alichukua bakuli alilotemea mgeni akaenda kulimwaga uani, na kwa muda mrefu tulimsikia akilisugua.

Chupa zilizobaki tulizifungua kwa siku nne, shemeji na mimi, zote mia tatu na tisa, kwa sababu alikataa kuamini mpaka ameiona kila moja. Tulizipata tisa ambazo hazikuwa siki, na hizo tisa nazo, alisema, zilikuwa hazina ladha yoyote, kama maji yaliyooshewa zabibu. Tulimwaga kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Kuku wa jirani walikuja wakaonja wakaondoka. Chupa tupu alizinunua muuza asali, kwa bei ya chupa tupu. Kiyoyozi kilirudi kwa aliyetuuzia, kwa theluthi ya tulichompa, na pesa hiyo ilikwenda kulipa umeme.

Wiki moja baadaye nilikwenda kwa dada peke yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njiani. Nilimwambia kuhusu lile shimo la choo la nyumba ya nne, na maji, na dharura iliyokatwa kwa wino, na jinsi nilivyonyamaza. Nilimwambia kwamba ningesema siku ile, pengine yote yangeishia mezani. Alikuwa anatia uzi kwenye tundu la sindano, akakosa, akalowesha uzi ulimini, akajaribu tena.

"Ulilipwa?" akaniuliza.

"Nililipwa, dada."

"Watoto walikula?"

"Walikula."

Uzi ukapita. "Haya," akasema, akaanza kukanyaga. Nilisubiri aseme kitu kingine. Nilisubiri mpaka akamaliza pindo lote la sketi, akaikunja, akachukua nyingine. Ndipo nikaaga.

Nilijitolea kuzibomoa zile kuta bure ili wapate chumba chao. Shemeji akasema sawa. Dada akasema hapana, kubomoa nako kunataka lori la kuzoa kifusi, na lori linataka kulipwa. Kwa hiyo zipo. Kitanda kimesukumwa ukutani, na anayelala upande wa ndani lazima amruke mwenzake ili atoke. Kile chumba kingine walijaribu kukipangisha. Alikuja mtu mmoja akakitazama, akauliza dirisha liko wapi, akacheka, akaondoka.

Mabinti zao wawili wameolewa mbali. Walipopiga simu kuuliza baba amepewa nini hotelini, dada aliwaambia amepewa barua nzuri ya shukrani.

Siku hizi dada anashona kwa yule mama mwenye mashine tatu. Analipwa kwa kipande. Anaondoka asubuhi na mapema, anarudi jua likiwa limepoa, na ile cherehani ya kukanyaga ameifunika kitambaa. Wanasema ndiye mshonaji mzuri kuliko wote pale. Shemeji alizunguka hoteli zote za mji mwaka mzima, na shati lake jeupe, na kila mahali walimpa kiti na maji ya kunywa, wakamwambia wanatafuta vijana. Sasa amepunguza kuzunguka. Amekonda shingo. Yeye na dada wanazungumza, sisemi hawazungumzi; wanaambiana chumvi imekwisha, wanaambiana mlango umefungwa. Jumapili moja nilikula nao. Dada alimpakulia kwanza yeye, kama zamani, na alipompa sahani alitazama sahani.

Mimi nikipita mchana namkuta kibarazani, ameketi penye kivuli, mikono juu ya magoti. Tunasalimiana. Ananiuliza habari za watoto, namwambia hawajambo. Ananiuliza habari za kazi.

"Ipo ipo tu, shemeji," namwambia.

Haipo. Naye anajua haipo, anaitikia kwa kichwa, nami naendelea na njia yangu.